Jiwe la Kituo cha Sita

Katika nchi ya Sudan, katikati ya jangwa la Nubia, ipo stesheni ya reli ambayo haikupewa jina. Inaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, na neno hilo la pili hata mtoto wa kwetu angelitambua, maana sita ya Waarabu na sita yetu ni moja. Sijafika huko, na kwa umri wangu na hali ya nchi ile sidhani kama nitafika. Lakini kwa miaka mingi sasa nimeiwaza stesheni hiyo kuliko ninavyoiwaza miji niliyoishi, kwa sababu pale ndipo lilipojibiwa swali lililonifanya nichekwe nikiwa mtoto. Au tuseme lilijibiwa nusu.

Mwaka 1974 nilikuwa darasa la sita. Walimu wetu walitupakia kwenye lori wakatupeleka Ndolezi, wilayani Mbozi, kukiona kimondo. Wakati ule Mbozi ilikuwa katika mkoa wa Mbeya. Siku hizi imo katika mkoa wa Songwe. Kwa msomaji ambaye hajakiona, kimondo kile ni donge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, limelala kwenye mteremko wa kilima kama ng'ombe aliyechoka. Mpima ardhi mmoja aitwaye Nott ndiye aliyelitangaza kwa ulimwengu wa nje mwaka 1930. Lilikuwa limezama ardhini, na baadaye udongo ulichimbwa kulizunguka likabaki limekaa juu ya kikalio chake. Lina makovu ya msumeno pale wataalamu walipokata vipande vya kwenda kupima. Hakuna shimo linaloonyesha lilivyoanguka, wala wenyeji hawana masimulizi ya siku lilipoanguka. Lilifika zamani mno, hata kumbukumbu zake zikaisha.

Mwalimu alisimama kando yake akasema, "Kitu hiki kimetoka mbinguni." Nikanyosha mkono nikauliza, "Mbinguni wapi, mwalimu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alidhani namfanyia mzaha, nikachapwa fimbo mbili mbele ya kimondo, na tangu siku ile hadi namaliza shule jina langu likawa Mbinguni Wapi. Mzaha haukuwemo. Mwaka ule ule tulikuwa tumemzika babu yangu, mzaa baba, na mimi nilikuwa nimeambiwa na kila mtu mzima niliyemwuliza kwamba babu amekwenda mbinguni. Sasa hapa palikuwa na chuma kizito kuliko nyumba yetu kilichotoka huko huko. Ikiwa kitu kama kile kimeweza kutoka huko kikafika Mbozi, basi njia ipo. Nilitaka kuijua hiyo njia.

Nilikua, nikayaacha hayo. Nilijifunza kwamba mbingu ya vimondo si mbingu ya babu, na kwamba baina ya sayari mna mawe mengi yanayolizunguka Jua kama Dunia inavyolizunguka, ila ni madogo. Mawe hayo huitwa asteroidi. Mengi yako katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, na machache yamepotoka humo yakaja kuzunguka jirani na Dunia yetu. Jiwe la namna hiyo likiingia katika anga letu huwaka, na tunaliita kimondo. Wazee wa pwani husema ni kinga cha moto kilichorushwa kumpiga shetani, na aliyekiona kikipita juu ya mnazi usiku wa giza hawezi kuwalaumu. Hayo yote nilikuwa nayajua. Swali la njia, hata hivyo, lilibaki palepale: mtu anaokota jiwe shambani, anaambiwa limetoka angani, na hapo habari yake inakwisha.

Mwaka 2009 binti yangu, aliyekuwa akisoma chuo, aliniletea karatasi chache alizozichapa. "Baba, soma hii," akaniambia, "huyu ndiye Mbinguni Wapi mwenyewe."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe 6 Oktoba 2008, saa tatu na dakika 39 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, huko Arizona nchini Marekani kulikuwa bado ni usiku wa tarehe 5. Katika mlima uitwao Lemmon, karibu na mji wa Tucson, mtu mmoja kwa jina Richard Kowalski alikuwa zamu akiangalia picha za darubini yenye kioo cha upana wa mita moja na nusu. Kazi yake, na ya wenzake wa Catalina Sky Survey, ni kupiga picha sehemu ile ile ya anga mara kadhaa katika usiku mmoja na kutafuta nukta inayosogea. Nyota hazisogei, kinachosogea ni jirani yetu. Usiku ule aliona nukta hafifu, akaipeleka taarifa yake Minor Planet Center kule Massachusetts, ambako taarifa za namna hiyo hukusanywa kutoka duniani kote, akaendelea na kazi. Alikuwa ameziona nyingi.

Jiwe likapewa jina la 2008 TC3. Jina hilo si fumbo. Herufi T ni ya nusu ya kwanza ya Oktoba, na C3 maana yake ni kwamba lilikuwa la 78 kuandikishwa katika nusu hiyo ya mwezi. Ni namba ya foleni tu, kama ile tunayopewa tukienda hospitali.

Ukimwona mtu njiani mara moja tu huwezi kusema anatoka wapi wala anakwenda wapi. Ukimwona kwenye kisima, kisha kwenye mwembe, kisha kwenye daraja, na ukajua saa alizopita, unaweza kutaja kijiji alikotoka. Njia ya jiwe hutafutwa kwa namna hiyo. Kila picha inatoa mahali na saa, na hesabu ambazo mizizi yake ni ya Newton na Kepler zinaunganisha nukta hizo kuwa mzingo, yaani njia lote linamopita jiwe likilizunguka Jua. Nukta zikiwa chache, mzingo ni wa kubahatisha. Kila nukta inapoongezeka, ubishi unapungua.

Hesabu ya kwanza ilipofanywa ilitoa jibu ambalo halikuwahi kutolewa: jiwe hili halitapita kando, litaigonga Dunia, na muda uliobaki haufiki siku moja. Lilikuwa umbali wa kilomita nusu milioni hivi, mbali kidogo kuliko Mwezi. Habari zikasambazwa, na wenye darubini wa Australia, Ulaya na Marekani, wengine wa vyuo na wengine watu wa kawaida wenye darubini uani kwao, wakaligeukia. Katika saa zile 20 vilipatikana vipimo zaidi ya 500. Mwishowe hesabu ziliweza kutaja mahali: kaskazini mwa Sudan, kabla jua halijachomoza tarehe 7 Oktoba.

Hapakuwa na hatari. Jiwe lilikuwa na upana wa mita nne tu, kiasi cha chumba cha kulala, na uzito wa tani 80 hivi. Jiwe la ukubwa huo halifiki chini likiwa zima.

Na njia yake? Nilipofika hapo niliivua miwani nikaifuta, nikaanza tena. Dunia iko umbali wa kilomita milioni 150 hivi kutoka kwenye Jua. Jiwe hili, lilipolikaribia Jua kabisa, lilikuwa kwenye kilomita milioni 135, ndani kidogo ya njia yetu. Na lilipokwenda mbali kabisa lilifika kilomita milioni 257, ng'ambo ya njia ya Mirihi. Mzunguko mmoja uliligharimu mwaka mmoja na nusu. Njia yake na yetu zilikuwa karibu kulala sambamba, zikiachana kwa digrii mbili na nusu tu. Kwa hiyo kila lilipozunguka lilivuka umbali wetu kutoka kwenye Jua mara mbili, likienda na likirudi. Fikiria mtu anayevuka reli kila siku akienda shambani. Njia kukatana si ajali. Ajali ni ile siku ambayo yeye na treni wanafika kwenye kivuko kwa dakika moja. Siku hiyo ilikuwa Jumanne ya tarehe 7 Oktoba 2008.

Kiasi cha saa moja kabla ya kugonga, jiwe liliingia katika kivuli cha Dunia likazimika machoni mwa darubini zote. Likabaki katika hesabu tu. Saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri kwa saa zetu, ambazo wakati ule zilikuwa pia saa za Sudan, liliingia katika anga kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 12 kwa sekunde, likapasuka likiwa juu kiasi cha kilomita 37. Rubani wa ndege ya KLM, aliyekuwa umbali wa kilomita 1,400 hivi, aliona mwanga ukipepesa kwenye upeo wa macho. Mtabiri wa hali ya hewa wa nchi yake alikuwa amemwarifu atazame. Setilaiti ya hali ya hewa ilipiga picha ya mmweko. Na huku kwetu Kenya, mitambo ya kunasa mawimbi ya sauti nzito yasiyosikika kwa sikio la binadamu, ambayo iliwekwa ili kuwafichua wanaofanya majaribio ya silaha za nyuklia, iliupokea mshindo wake.

Magazeti yaliandika kwamba liliangukia jangwa tupu. Hapo mimi sikubaliani nayo. Wadi Halfa na Kituo cha Sita kulikuwa na watu, na ilikuwa saa ya watu kuamka kwa sala ya alfajiri. Waliliona. Walieleza baadaye kwamba moto ulipita kama roketi kisha ukakatika ghafla, na wingu la vumbi lake likabaki angani hata mwanga wa asubuhi ukaliangaza. Mahali penye watu wa kueleza hivyo hapawi patupu.

Tena hata reli yenyewe ina habari yake. Ilijengwa mwaka 1897 kwa amri ya Kitchener, kutoka Wadi Halfa kukatisha jangwa hadi Abu Hamed, ili kuwapeleka askari na mizinga dhidi ya dola ya Mahdi. Kwa kuwa hapakuwa na miji njiani, vituo vilipewa namba. Mhandisi aliyeisimamia alikuwa kijana wa Kanada aitwaye Percy Girouard, na jina hilo linapaswa kutushtua kidogo, maana ndiye aliyekuja kuwa gavana wa nchi iliyoitwa baadaye Kenya, kuanzia 1909 hadi 1912, na ni wakati wa utawala wake ambapo Wamaasai walianza kuhamishwa kutoka Laikipia mara ya pili. Alikuwa hodari wa kupima njia za kuwapitisha watu wengine. Lakini hayo ni mambo ya kitabu kingine.

Miezi miwili ilipita. Wakubwa wengi walidhani jiwe lote limegeuka vumbi. Mtaalamu mmoja wa vimondo aliyefanya kazi California, Peter Jenniskens, alisafiri hadi Khartoum akakutana na Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum. Wawili hao walikwenda kuwahoji waliouona moto. Kisha Shaddad akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko hesabu zote: aliwakusanya wanafunzi na wafanyakazi wa chuo 45, wakaenda jangwani, na tarehe 6 Desemba 2008 wakajipanga mstari mmoja wenye upana wa karibu kilomita moja, wakaanza kutembea kuelekea pale hesabu ziliposema jiwe lilipita, kila mmoja akiangalia mchanga ulio mbele ya miguu yake.

Siku hiyo ya kwanza mwanafunzi mmoja aliokota kijiwe cheusi. Kufikia siku ya tatu walikuwa na 15. Mwishoni mwa mwezi walirudi watu 72, wakapata vingine 32. Jumla vilikuwa 47, na uzito wake wote haukufika kilo nne, kidogo kuliko pishi mbili za mchele. Kidogo kabisa kilikuwa cha gramu moja na nusu; kikubwa gramu 283. Vilitapakaa katika ukanda wa kilomita 29, na ukanda huo ulifuata ile njia iliyohesabiwa. Vingine vingi vikaokotwa baadaye, hata jumla ikakaribia vipande 600.

Nimejaribu mara nyingi kuwaza hali yao. Vijana waliolelewa mjini, wengi bila shaka wakiwa hawajawahi kulala jangwani, wanatembea kutwa juani wakitafuta mawe meusi mahali ambapo mawe meusi mengine yamejaa tele. Darubini za Arizona zilikuwa zimemaliza kazi yake. Bila miguu ya vijana hawa njia ile ingekuwa mchoro tu usio na kitu mwishoni.

Kwa haki, hiki hakikuwa kimondo cha kwanza kujulikana njia yake. Tangu kile cha Pribram, kilichoanguka Czechoslovakia mwezi Aprili 1959, vilikuwapo vichache ambavyo moto wake ulipigwa picha na njia yake ikakadiriwa kurudi nyuma. Lakini hivyo vilionekana katika sekunde zake za mwisho tu, vikiwa vimeshawaka. Lile la Kituo cha Sita lilionekana likiwa bado jiwe la angani, baridi, likijibingirisha njiani mwake. Darubini kubwa ya kisiwa cha La Palma iliwahi hata kuuchambua mwanga wake. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kushika mkononi kitu kilichokuwa nukta katika darubini, na kusema ni hiki.

Sasa ule upande wa nusu. Maabara zilipovipima vipande hivyo zilikuta vingi ni vya aina adimu iitwayo yureilaiti, vyeusi, laini, vyenye chembe ndogo za almasi ndani yake. Lakini havikuwa vyote. Kati yake palikuwa na vya aina nyingine kabisa, vilivyotoka kwa wazazi wengine. Jiwe lile moja la mita nne lilikuwa kifusi: vipande vya miili mbalimbali iliyogongana na kuvunjika, kisha vikashikamana kwa ulegevu. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na wenzao walisema almasi zile ziliumbika ndani ya sayari changa yenye ukubwa wa kati ya Utaridi na Mirihi, iliyosagika wakati mfumo wa Jua ungali mchanga. Mwaka 2020 wengine wakapinga, wakasema kishindo cha kugongana kinatosha kuzifanya. Ubishi huo ni wa wenyewe, siuingilii.

Vipimo vya miale ya angani vinaonyesha kwamba jiwe lile lilikuwa wazi peke yake kwa miaka milioni 20 hivi. Mzingo tunaoujua ni wa mwisho tu. Kila lilipopita karibu na sayari lilivutwa likabadilishwa njia kidogo, na joto la Jua nalo lilikuwa likilisukuma polepole, hivyo kwamba ukizirudisha hesabu nyuma mno, njia moja inakuwa njia elfu na huwezi kuchagua. Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita akiuliza mbinguni wapi, mwalimu wa leo anaweza kumjibu: ng'ambo kidogo ya Mirihi, na kabla ya hapo yamkini ukanda wa ndani wa asteroidi, na kabla ya hapo mahali pengi kwa pamoja. Nadhani ningeridhika. Na fimbo nisingechapwa.

Tangu wakati ule mawe mengine kadhaa yameonekana kabla ya kugonga. La pili, la Januari 2014, liliishia bahari ya Atlantiki na halikuacha kitu. La tatu lilikuja Afrika tena: tarehe 2 Juni 2018 liliwaka juu ya Botswana, na vipande vyake vikaokotwa katika hifadhi ya Kalahari ya Kati. Yote mawili yaligunduliwa na Kowalski yule yule, kwenye mlima ule ule.

Wanafunzi wale wa mwaka 2008 leo ni watu wazima wenye watoto. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, na mamilioni ya Wasudan wakatawanyika, wengi wakielekea kaskazini Wadi Halfa ili wavuke kuingia Misri. Nilipokuwa nikisikiliza habari hizo redioni, jina la Wadi Halfa lilinichoma, kwa kuwa nilikuwa nimelijua kwa sababu nyingine. Niliwawazia wakipita na mabegi kichwani karibu na jangwa walilotembea wakiwa mstari mmoja, mita chache baina ya mtu na mtu, wakitazama chini. Safari hii hakuna aliyekuwa akipima njia yao.

Mwaka 2024 nilikwenda Ndolezi tena, na mjukuu wangu wa miaka saba. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lake, nimepanga hata mahali pa kuanzia. Hakuliuliza. Alilizunguka lile donge mara mbili, akachungulia makovu ya msumeno, kisha akaniuliza, "Babu, ni la baridi?"

Nikamwambia aliguse.